Maswali yenu: Samaki anakatika uti wa mgongo na anaogelea tena, mbona binadamu hapana?

SWALI: Asalaam aleikum Mwalimu. Mjomba wangu ni mgema huku Ganda, Malindi, mwaka jana aliteleza mnazini akaanguka na tangu siku hio miguu haina nguvu. Daktari alituambia neva za uti wa mgongo zikikatika hazirudi. Juzi mtu ametuma kwa grupu ya familia video ya kisamaki kidogo chenye mistari, ati kinakatwa uti wa mgongo na baada ya wiki kadhaa kinaogelea, na chini yake kuna jamaa anauza mafuta ya samaki anasema ndo dawa. Nyumbani washaanza kuchanga. Ni kweli? Na kama samaki anapona, binadamu anashindwa na nini? (Msomaji, Ganda)

JIBU: Waaleikum salaam dada yangu, na mjomba mpe pole nyingi sana. Nianze na hio pesa: msitume hata shilingi. Habari ya samaki ni kweli tupu, habari ya mafuta ni uongo, manake kinachomponya samaki ni kazi inayofanywa na seli zake mwenyewe ndani ya kidonda, sio kitu unaweza kumkamua ukatia kwa chupa.

Huyo ni samaki pundamilia, mkubwa wake ni sentimita 3 au 4 hivi. Alianza kuwa maarufu kwa maabara mwaka 1981, George Streisinger wa Oregon kule Marekani alipoonyesha vile anaweza kutumika kuchunguza jeni, na mpaka leo anapendwa kwa sababu yai lake linakulia nje ya mama na ni angavu, mwanga unapita. Siku moja tu baada ya yai kurutubishwa unauona moyo ukipiga, na ukitia rangi inayong'aa ndani ya neva unaziona zikikua saa hio hio, kiumbe kizima, bila kupasua kitu.

Na ukuaji wenyewe ni wa ajabu. Seli ya neva inatoa uzi mrefu, na akili yote ya huo uzi iko nchani. Mhispania Santiago Ramón y Cajal aliieleza hio ncha mwaka 1890 akiangalia viinitete vya kuku. Imetanuka, inatoa vijidole vyembamba vinavyonyooka vikapapasa, vyengine vinashika, vyengine vinarudi ndani, na upande ulioshika vizuri ndo uzi unavutwa kwenda. Haijui ramani. Ni kama mgeni aliyeshuka Lamu usiku hana mwenyeji, vichochoro vyote kwake ni sawa, anasogea kule inakotoka harufu ya mahamri na anakwepa kule kunakonuka zizi la punda. Harufu za neva ni protini. Netrini, iliyotambuliwa mwaka 1994, inaita nyuzi nyingi zije, na Sliti inazifukuza, na kila ncha ina vipokezi vyake vya kuzitambua, ndo maana protini moja inaweza kumvuta huyu na kumsukuma yule.

Kwa samaki wetu, nyuzi zinazotoka jichoni zinaanza safari yai likiwa na siku moja na ushei, zinavuka katikati kwenda upande wa pili wa kichwa, na siku ya pili zinaanza kuingia sehemu ya ubongo inayopokea picha. Siku ya tano kifaranga kishaanza kuwinda kwa macho! Lakini kuna ukoo wa samaki hawa wenye hitilafu kwa jeni moja, ile ya kipokezi kiitwacho Robo2. Hao hawaisikii Sliti vizuri, na nyuzi za macho yao zinazagaa, nyengine zinaelekea mbele nyengine nyuma, zinavuka mahali pasipovukwa. Jeni moja tu imeharibika na njia zinapotea.

Kuna jaribio moja la zamani nalipenda sana. Miaka ya 1940 mtafiti Mmarekani Roger Sperry alikata neva ya jicho la chura, akaligeuza jicho juu chini, akaliacha. Neva ikamea upya. Ukamwonyesha chura mdudu juu, akarusha ulimi chini, na hakujirekebisha kamwe. Yaani kila uzi ulirudi kwenye anwani yake ile ile ya zamani hata kama anwani hio sasa inamdanganya mwenyewe. Sperry alipewa Nobel mwaka 1981 kwa kazi nyengine, ya ubongo wa binadamu, lakini kwangu mie hili la chura ndo kubwa.

Sasa tuje kwa mjomba. Samaki mzima akikatwa uti wa mgongo anapooza kuanzia pale kwenda mkiani, halafu ndani ya wiki 6 mpaka 8 anarudisha sehemu kubwa ya kuogelea. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walionyesha seli za kusaidia neva, zinazoitwa glia, zinavyozaana na kujinyoosha kuziba pengo, na protini moja iitwayo CTGF inavyochochea kazi hio. Waliipaka ile ya binadamu kwa kidonda cha samaki na ikasaidia! Mwaka uliofuata wengine, wa Edinburgh, wakasema kwa vifaranga kilicho muhimu zaidi ni kolajeni ya aina ya 12, protini ya kushikilia tishu, inayotandazwa pale kidondani, manake nyuzi zinatambaa juu yake. Wanabishana, na mabishano hayo ni mazuri, ila wote wanakubaliana kwamba kidonda cha samaki kinageuka kuwa barabara.

Cha binadamu kinageuka kuwa ukuta. Glia zetu zinajikusanya zinafanya kovu lenye molekuli zinazozuia nyuzi, na hilo kovu lina faida yake, linazuia uharibifu usienee, lakini njia inafungwa. Pia ule utando wa mafuta unaozunguka neva za ubongo na uti wa mgongo una protini zinazoiambia ncha isimame, mojawapo ni Nogo. Na seli zenyewe zikishakomaa hamu ya kukua inapungua, wakati za samaki zikikatwa zinaamka upya na zinawasha jeni za ukuaji.

Lakini usiseme zimekufa moyo kabisa. Mwaka 1981 huko Montreal, Kanada, watafiti Samuel David na Albert Aguayo walichukua kipande cha neva ya mguu wa panya wakakipachika kuunganisha uti wa mgongo na sehemu ya chini ya ubongo, na nyuzi za ndani, zile zile zilizosemekana haziwezi, zikakua ndani ya kile kipande karibu sentimita 3. Kwa hivo uwezo upo, shida kubwa ni pale zinapopita. Na karibu asilimia 70 ya jeni za binadamu zina mwenzake kwa samaki pundamilia, ndo sababu watu wanakesha kumsoma.

Dawa ya kumwinua mjomba leo haijapatikana, na anayekuuzia anakuibia. Hio michango inunueni godoro zuri na nauli ya fiziotherapia. Muulizeni daktari wazi wazi, uti ulikatika wote au sehemu? Manake wengi haukatiki wote, na zile nyuzi zilizobaki mazoezi yanazisaidia. Akiwa kitandani ageuzwe kila saa 2, usiku pia, na kila siku mtu aangalie ngozi ya makalio, nyonga na visigino, ukiona doa jekundu lisiloondoka hapo pasilaliwe. Mkojo ukiwa na harufu kali au akipata homa msingoje. Vidonda vya kulalia na maambukizi ya mkojo vinaua watu ambao wangeishi miaka mingi tu.

SWALI: Hao samaki wako Mto Sabaki? Na wale wenye mistari tunaowaona kwa matumbawe ni hao hao? (Kijana wa Malindi)

JIBU: Hapana na hapana. Kwao ni India, Bangladesh na Nepal, wanakaa vijito na mashamba ya mpunga, maji baridi. Wa matumbawe ni wa maji chumvi, jamii nyengine kabisa.

SWALI: Mwalimu, mie ni fundi wa majahazi Matondoni. Patasi ilinikata kiganja karibu na kifundo, neva ikashonwa hospitali. Sasa ni miezi kadhaa, ganzi inapungua, lakini nikigusa kitu kwa kidole cha shahada nahisi kama nimegusa kwa dole gumba. Ni kichwa changu ama ni nini?

JIBU: Kichwa chako kizima fundi, na hili ndo lile lile la njia. Neva za mikono na miguu, tofauti na za uti wa mgongo, zinamea hata kwa sisi binadamu, takriban milimita 1 kwa siku, kwa hivo kutoka kifundo mpaka ncha ya kidole hesabu nusu mwaka hivi na zaidi. Sehemu iliyokatwa inakufa kwanza, Augustus Waller aliliona hilo kwa chura mwaka 1850, halafu seli zinazoitwa za Schwann zinabaki zimejipanga kuushika mkono uzi mpya. Shida ni kwamba pale paliposhonwa nyuzi ni maelfu na nyengine zinaingia mfereji wa jirani. Uzi wa shahada ukimea kule kwa dole gumba, ama wa dole ukaja kwa shahada, ubongo bado unausoma kwa jina lake la zamani.

Samaki anapunguza makosa haya. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walionyesha kwa vifaranga kwamba neva iliyokatwa ikifika njia panda, seli chache za Schwann zilizo pale pale zinatengeneza kolajeni ya kuwafanya waliokosea warudi nyuma. Ukiharibu jeni ya kolajeni hio, nyuzi zinamea vizuri tu ila zinakwenda siko.

Wewe fanya hivi. Gongagonga taratibu kwa kidole juu ya ile neva kuanzia kovu kwenda mbele, pale unaposikia mshtuko wa kusisimka ndo nyuzi zimefika, na kila mwezi inafaa pasogee. Pasiposogea miezi kama 3, rudi kwa daktari usichelewe, sababu msuli ukikaa mwaka na nusu bila neva mara nyingi haurudi tena. Kila siku gusa uzi, msumari, kitambaa, kwanza ukiangalia halafu ukifumba macho, ubongo unajifunza majina mapya. Na chuma kilichokaa juani, pima kwanza na mkono mzima.