Nakunywa dawa ya thairoidi kila siku, mbona bado nachoka na tumbo limejaa?

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, nina miaka 38, mume na watoto wawili. Mwaka juzi niligundulika kuwa tezi yangu ya thairoidi haifanyi kazi vizuri, nikaanzishiwa levothairoksini. Mwanzoni nilipata nafuu kweli. Mwaka huu nimerudi kulekule: siku nne bila choo, tumbo linajaa hadi sketi haifungi, na nikitoka shule natamani kulala tu. Hedhi nayo imekuwa nzito, na miezi mitano iliyopita niliambiwa damu imepungua, nikapewa vidonge vya kuongeza damu. Dawa zote nakunywa pamoja na chai ya maziwa baada ya swala ya alfajiri ili nisisahau. Kipimo cha mwisho cha tezi, miezi minane iliyopita, daktari alisema kiko sawa. Mume wangu anasema kama kipimo kiko sawa basi ni uvivu. Mama mkwe anasema nimerogwa. Rafiki yangu ananiambia ninywe unga wa mwani. Nimechoka kujieleza.
Mwalimu, Tanga

Marahaba, mwanangu. Pole sana.

Niseme kwanza kuhusu huo uvivu, maana naona unakuuma kuliko hata tumbo. Wewe si mvivu. Mtu anayeamka alfajiri, akasimama mbele ya darasa kutwa nzima, akarudi nyumbani akawapikia watoto huku mwili umeisha, huyo anajikaza kupita kiasi. Uchovu wa thairoidi hauondoki kwa kulala mapema siku moja. Homoni ya tezi hiyo ndiyo inayoupa mwili kasi yake: mapigo ya moyo, joto, misuli, kumbukumbu, na utumbo pia. Ikipungua, utumbo husukuma chakula polepole, kinyesi hukaa ndani muda mrefu hadi kikauke, na gesi hujaa. Kwa hiyo tumbo na uchovu huenda vinatoka mahali pamoja.

Sasa turudi kwenye barua yako, pale uliposema unakunywa dawa zote pamoja na chai ya maziwa. Hapo nilisoma mara mbili. Madini ya chuma yaliyo kwenye vidonge vya damu hushikana na levothairoksini tumboni, na sehemu ya dawa hutoka na choo bila kuingia mwilini. Kalisiamu hufanya hivyohivyo, na maziwa yana kalisiamu. Vilevile vile vidonge vya magnesiamu ambavyo wengi wetu hutafuna kiungulia kikibana. Isitoshe, vidonge vya damu vyenyewe hufunga choo.

Angalia basi mzunguko ulivyo. Tezi ikiwa chini, hedhi huweza kuwa nzito. Hedhi nzito hupunguza damu. Ukapewa vidonge vya damu, ukavinywa wakati mmoja na dawa ya tezi, nayo dawa ikapungua nguvu, na tezi ikazidi kukosa msaada. Sisemi nina hakika ndivyo ilivyo kwako, hilo ni la daktari kuthibitisha. Ila kipimo chako kilikuwa sawa kabla hujaanza vidonge vya damu. Hakiwezi kukueleza mwili wako uko vipi leo, na mumeo asikitumie kama ushahidi dhidi yako.

Vidonge vya damu usiviache, unavihitaji. Vitenganishe tu. Levothairoksini inywe peke yake, kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, halafu subiri nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai. Weka kidonge na glasi ya maji karibu na kitanda, ukiamka kwa swala unakinywa, ukimaliza kuswali na kuwaandaa watoto muda umeshapita. Vidonge vya damu visubiri angalau muda wa saa nne baada ya levothairoksini, kwa hiyo wakati wa chakula cha mchana unafaa. Ramadhani ikifika muulize daktari. Wengi huhamishia dawa usiku, zikiwa zimepita saa tatu au zaidi tangu kula. Na joto la Tanga unalijua: usiweke dawa dirishani wala kwenye pochi inayoshinda juani.

Usitegemee mabadiliko wiki hii. Dawa hii hupanda na kushuka mwilini taratibu, ndiyo maana kipimo cha TSH, yaani kile cha damu kinachoonyesha hali ya tezi, hurudiwa baada ya wiki 6 hadi 8. Na usijiongezee dozi kwa kuona inachelewa. Ikizidi, moyo huenda mbio na mifupa hudhoofika.

Nenda kliniki wiki hii, usingoje hizo wiki ziishe. Beba maboksi yote ya dawa, na umwambie daktari hivyo ulivyoniambia mimi, pamoja na saa unazomeza. Muulize damu ilipungua kwa nini, na kama unaweza kupimwa akiba ya madini ya chuma, vitamini B12 na sukari. Watu wengi wenye tatizo lako wameupata kwa sababu kinga ya mwili inaishambulia tezi, ugonjwa unaobeba jina la daktari Mjapani, Hashimoto, aliyeueleza mwaka 1912. Kinga ya namna hiyo wakati mwingine huligusa na tumbo, mtu akashindwa kufyonza B12 au akadhurika na ngano. Kama unatafuna udongo au barafu kwa hamu, usione aibu, mwambie. Hiyo ni dalili ya upungufu wa madini ya chuma. Hedhi ikikosekana, wahi kabisa, kwa kuwa mimba huongeza mahitaji ya dawa hii mapema.

Wapo ambao TSH inakaa vizuri na uchovu unabaki. Ikifika hapo, zungumzeni usingizi, kukoroma, na huzuni pia, kwa sababu kudharauliwa nyumbani kila siku kunachosha.

Kwa choo, nitakuambia walimu mnavyojiumiza: mnakibana hadi mrudi nyumbani kwa kuogopa vyoo vya shule. Utumbo huamka baada ya kifungua kinywa, basi jipe dakika kumi hapo kabla ya kutoka. Kunywa maji, kula papai, mchicha, maharage, dona, ukiongeza polepole ili gesi isizidi. Muhogo uliopikwa vizuri usiuogope. Zile dawa za kusafisha tumbo zinazouzwa mitaani ziache. Ukiona damu kwenye choo, ukikonda bila sababu, au ukitapika huku huwezi kutoa hata hewa, hiyo ni hospitali siku hiyohiyo.

Mwani usinywe. Una madini joto mengi, na yakizidi huweza kuididimiza zaidi tezi iliyokwisha kuchoka. Chumvi yetu ya dukani tayari imewekewa madini hayo.

Mama mkwe usibishane naye. Ni mzazi, na pengine anasema kwa hofu. Mumeo ndiye wa kukaa naye. Mngoje atulie, watoto wakiwa wamelala, umwambie: “Sikuombi unionee huruma, nakuomba uje nami kliniki usikie mwenyewe.” Akikubali, mwache amuulize daktari yeye mwenyewe kama ni uvivu.