Maswali yenu: hospitali zikiungana, nani anazisimamia?

Wasomaji wa Tanga wameniandikia kuhusu hospitali binafsi kuungana au kununuana. Nimechukua maswali manne.

Hospitali mbili binafsi zikitaka kuungana, si zinamalizana na Wizara ya Afya tu? (Msomaji, Ngamiani)

Hapana. Wizara inaangalia usajili, majengo na wataalamu. Muungano wenyewe unaangukia kwa Tume ya Ushindani, chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Mali au mauzo ya pande zote yakifika shilingi bilioni 3.5, Tume lazima ijulishwe kabla. Ina siku 14 za kuamua kama ichunguze. Ikichunguza, muungano unasimama kwa siku 90, na muda huo unaweza kuongezwa. Asiyeridhika anakata rufaa Baraza la Ushindani.

Hospitali ya Bombo ipo hapa Tanga, tena ya serikali. Ukiritimba utatoka wapi? (Baba wa watoto watatu, Pongwe)

Baba, usihesabu majengo, hesabu huduma moja moja. Kipimo cha malaria utakipata karibu kila mtaa, kuanzia Makorora hadi Chumbageni, na hakuna muungano utakaokipandisha bei. Kusafisha figo ni habari nyingine. Mgonjwa huyo kwa kawaida anakaa kwenye mashine mara tatu kwa wiki, saa kama nne kila mara, akitoka hapo miguu haina nguvu. Huwezi kumwambia apande basi la Dar es Salaam, kilomita zaidi ya 300, eti akatafute bei nzuri. Kwake soko ni mashine anazoweza kuzifikia na kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Zikiwa na mwenye mmoja, bei ni ya mwenye huyo.

Kuna na bima. Machi 2024 hospitali nyingi binafsi zilisitisha kuwapokea wanachama wa NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, kwa kugombania kitita kipya, yaani orodha ya huduma na bei ambazo Mfuko unalipia, na watu waligeuzwa mapokezi kadi ikiwa mkononi. Mji ukiwa na hospitali binafsi mbili zinazoshindana, Mfuko ukikataliwa huku unabisha kule. Zikishaungana, hakuna kule. Ndiyo maana nasema Tume iulize kuhusu wagonjwa wa Tanga, isitosheke na takwimu za nchi nzima.

Marekani majimbo yanafanyaje? (Mwanafunzi wa sheria, Raskazoni)

Mwanangu, soma habari za Asheville, North Carolina. Mwaka 1995 jimbo liliziruhusu hospitali mbili za mji huo kushirikiana, zikakingwa dhidi ya sheria za ushindani kwa sharti la kubanwa gharama na faida. Baadaye zikawa kitu kimoja. Mwaka 2015 bunge la jimbo likafuta sheria iliyoweka usimamizi ule. Usimamizi ukaondoka, ukiritimba ukabaki. Mwaka 2019 HCA, kampuni ya hospitali inayotafuta faida, ikainunua. Desemba 2023 mwanasheria mkuu wa jimbo akaishtaki, akidai imevunja ahadi kuhusu huduma za dharura na saratani. Mimi naona kosa lilianza siku walipokubali sharti linaloweza kufutwa huku muungano wenyewe haufutiki.

Mimi mgonjwa wa kawaida nalalamika wapi bei zikipanda baada ya muungano? (Mama, Sahare)

Mama, mtu yeyote anaweza kulalamika Tume ya Ushindani. Dai ankara yenye mchanganuo, si jumla tu, na tunza stakabadhi za kabla na za baada. Suala likiwa la matibabu mabaya, anza na mganga mkuu wa mkoa.