Maswali ya Wasomaji: Kufundisha Stadi za Kidijitali na Matini Mseto

SWALI: Mimi ni mwalimu wa lugha katika shule ya sekondari. Mtaala unanitaka nifundishe stadi za kidijitali pamoja na matini mseto, yaani zile zinazochanganya maandishi, picha, sauti na mpangilio wa ukurasa. Wanafunzi wangu wanazifahamu simu na programu zake kuliko mimi, na vipindi vyangu vimegeuka kuwa mafunzo ya kutengeneza slaidi. Nianzie wapi ili kipindi kibaki kuwa cha lugha?

JIBU: Mwalimu mwenzangu, kuifahamu simu ni jambo moja, na kuisoma matini iliyomo ndani yake ni jambo jingine kabisa. Mwanafunzi anayeweza kuhariri video kwa dakika chache huenda akashindwa kueleza kwa nini muziki wa huzuni umewekwa chini ya sauti ya msimulizi, na ni nani anayefaidika mtazamaji akihuzunika. Hapo ndipo kazi ya mwalimu wa lugha ilipo. Kwa hiyo ninakushauri uanze na kusoma kabla ya kutengeneza, na slaidi uziweke kando kwa wiki kadhaa.

Wazo hili limekuwepo tangu kabla ya simu janja. Mwaka 1994 wataalamu 10 wa elimu na isimu walikutana New London, mji mdogo nchini Marekani, na mwaka 1996 wakachapisha makala iliyopendekeza kwamba ufundishaji wa kusoma na kuandika usiishie kwenye maneno, kwa sababu maana hujengwa pia kwa picha, kwa sauti, kwa ishara za mwili na kwa namna vitu vinavyopangwa katika nafasi. Jambo ninalolithamini zaidi katika hoja yao ni msisitizo kwamba njia hizi hushirikiana. Anayeuliza tu kwamba picha inaonyesha nini hajaisoma matini mseto. Inambidi aulize pia picha inasema nini ambacho maneno yamekiacha, na maneno yanamlazimisha msomaji aionaje picha.

Swali hilo linaweza kujibiwa na wanafunzi wenyewe kwa picha moja tu. Tafuta picha ya watu waliosimama kwenye foleni mbele ya jengo, nyuso zao zikionekana lakini bila hisia iliyo dhahiri mno. Nusu ya darasa wape picha hiyo ikiwa na maelezo haya chini yake: "Wananchi wasubiri zamu yao kwa utulivu." Nusu nyingine wape picha ileile, ila maelezo yasomeke: "Wananchi wachoshwa na foleni isiyosogea." Kila mwanafunzi aandike sentensi tatu akieleza nyuso anazoziona, kisha pande mbili zisomeane. Upande mmoja utaelekea kuona subira, wa pili utaelekea kuona hasira, ilhali nyuso ni zilezile. Baada ya hapo ikate picha hiyo ubakize mtu mmoja aliyekunja uso, uwaulize kama bado ni habari ya foleni au imekuwa habari ya mtu mmoja. Usiwaharakishe hapa, kwa kuwa mjadala huu unastahili kipindi kizima.

Wakishazoea, waongezee msamiati wa kuzungumzia picha, kama vile unavyowapa msamiati wa kuzungumzia shairi. Gunther Kress na Theo van Leeuwen, ambao wameandika mengi juu ya sarufi ya picha, walieleza kwamba mtu anayemtazama mtazamaji moja kwa moja huwa kama anamdai kitu, lakini anayetazama kando hujitoa tu atazamwe. Vilevile, anayepigwa picha kutoka chini huonekana mwenye mamlaka, na anayepigwa kutoka juu huonekana mnyonge. Wanafunzi wayapime madai haya kwa picha wanazozileta wenyewe, wala wasiyakariri kama kanuni, kwa sababu baadhi ya mambo, kama vile uzito wa upande wa kushoto na wa kulia wa ukurasa, hutegemea mwandiko wa lugha husika unaelekea upande gani.

Usiiache grafu kwa mwalimu wa hisabati peke yake. Chora ubaoni nguzo mbili, moja ya 96 na nyingine ya 98, mhimili wa wima ukianzia 95. Nguzo ya pili itakuwa na urefu mara tatu ya ile ya kwanza, ingawa tofauti halisi kati ya idadi hizo ni kama asilimia 2 tu. Kisha uchore upya mhimili ukianzia sifuri, na wanafunzi waandike kichwa cha habari kwa kila mchoro. Watagundua wenyewe kwamba hakuna tarakimu hata moja iliyodanganya, na kwamba kilichopotosha ni mchoro. Ugunduzi huo una thamani kubwa kuliko onyo lolote utakalowapa.

SWALI: Nimewapa wanafunzi orodha ya mambo ya kukagua katika tovuti: iwe na tarehe, iwe na ukurasa wa kujitambulisha, isiwe na makosa ya tahajia, muonekano wake uwe wa kitaalamu. Wanaifuata kwa bidii na bado wanaamini tovuti za ovyo. Tatizo ni nini?

JIBU: Tatizo ni orodha yenyewe, wala usiwalaumu wanafunzi. Kila kipengele ulichokitaja ni kitu ambacho mwenye tovuti anaweza kukitengeneza, na mpotoshaji mwenye fedha au ustadi atakitengeneza vizuri kuliko mtu mkweli asiye na fundi. Makosa ya tahajia ndiyo dalili dhaifu kuliko zote siku hizi, kwa kuwa programu za akili mnemba humwandikia yeyote maandishi yaliyonyooka.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Sam Wineburg na Sarah McGrew, waliwachunguza watu 45 wakipima tovuti: wanahistoria wenye shahada ya uzamivu, wanafunzi wa chuo hicho, na wahakiki wa habari kwa taaluma. Wanahistoria na wanafunzi wengi walibaki ndani ya ukurasa, wakiusoma kwa makini kuanzia juu hadi chini, na mara nyingi nembo na majina yenye sura rasmi yaliwahadaa. Wahakiki walifanya kinyume. Waliuangalia ukurasa kwa muda mfupi, wakautoka, wakafungua kurasa nyingine kutafuta wengine wanasema nini juu ya mwenye tovuti, na ndipo wakarudi. Walifikia hukumu sahihi zaidi, tena kwa muda mfupi zaidi. Hili linatugusa sana sisi walimu, maana tumewafundisha watoto kwamba msomaji mzuri ni yule anayetulia na matini hadi mwisho. Mtandaoni, umakini huo uje baada ya kujua ni nani anayesema.

Kwa hiyo, badala ya orodha, wape kazi moja: kabla ya kusoma aya ya pili ya tovuti wasiyoijua, waiache, watafute jina la mwenye tovuti kwingineko, na waandike sentensi mbili juu ya walichokipata. Picha nazo zitendewe hivyo hivyo. Katika uchunguzi uliotolewa na timu hiyo ya Stanford mwaka 2016, wanafunzi wa sekondari walionyeshwa picha ya maua yenye umbo la ajabu, ikidaiwa kwamba yameharibika kutokana na ajali ya kinu cha nyuklia cha Fukushima. Karibu asilimia 40 walisema kwamba huo ni ushahidi wenye nguvu kwa sababu kuna picha, ingawa hapakuwa na chochote kilichothibitisha kwamba maua yalipigwa picha karibu na kinu hicho. Waulize wanafunzi wako: nani alipiga, wapi, lini, na tumejuaje? Kutafuta mahali picha ilipotokea kwanza mtandaoni huchukua dakika chache, na injini za kutafutia zina zana ya kufanya hivyo.

SWALI: Nitasahihishaje bango, podikasti au video? Nikitoa alama kwa mvuto, wenye simu nzuri wanashinda. Na shule yetu haina kompyuta za kutosha.

JIBU: Usitoe alama kwa mvuto. Kila kazi iambatane na maelezo ya ukurasa mmoja ambamo mwanafunzi anatetea uamuzi wake: kwa nini picha hii na si ile aliyoiacha, kwa nini kimya katika sekunde hizi, kwa nini maneno haya yamekuwa makubwa, na hadhira yake ni nani. Maelezo hayo ndiyo yabebe sehemu kubwa ya alama, kwa sababu ndiyo yanayoonyesha kama alifikiri au alitumia kiolezo kilichotengenezwa tayari. Mengine yaende kwenye uhusiano wa sehemu za kazi, na kwenye uaminifu wa vyanzo. Mwanafunzi ataje picha na muziki alivitoa wapi na anaruhusiwaje kuvitumia; leseni za Creative Commons, ambazo mwenye kazi huzitumia kuwaruhusu wengine waitumie kwa masharti fulani, na zilizoanza kutolewa mwaka 2002, zitamsaidia hapo. Nyuso za wanafunzi wenzake zisipakiwe mtandaoni bila idhini yao na ya wazazi.

Kuhusu uhaba wa vifaa, sehemu kubwa ya somo hili hufanyika kwa karatasi. Hadithi ya picha inaweza kuchorwa, ukurasa wa tovuti unaweza kusanifiwa kwa penseli, na mchezo wa redio unaweza kuigizwa nyuma ya pazia huku wenzao wakisikiliza bila kuona. Zoezi ninalolipenda kuliko yote halihitaji hata umeme: mwanafunzi aandike sentensi mbili za kumweleza msomaji asiyeona picha iliyoko katika makala fulani, kama zile ambazo programu za kusoma skrini humsomea kwa sauti. Akianza na "picha inaonyesha mwanamke", mwulize ni kitu gani katika picha hiyo ambacho makala ingekipoteza kama kisingetajwa, kisha mwache aandike upya.