Wajukuu Wanakuja, na Zamu Zangu za Kujitolea?

SWALI: Wajukuu wangu wawili, wa miaka 6 na 11, watakuja kukaa nami mjini wiki tatu za likizo. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa asubuhi hujitolea kuwatembelea wagonjwa hospitalini, na Jumamosi hupanga vitabu maktaba. Niache vyote mpaka waondoke?
Bibi wa ghorofa ya tano

JIBU: Usiache vyote, bibi, wala usijaribu kuvishika vyote. Bakiza zamu moja fupi kwa wiki, na uamue hivyo kabla wajukuu hawajaanza safari. Tunalisisitiza hili kwa sababu wengi humwambia mratibu, "Nikipata nafasi nitakuja." Ni maneno ya upole, lakini yanamfunga mikono: hawezi kutafuta mtu wa kushika nafasi yako, na hawezi kukutegemea. Matokeo yake simu inalia asubuhi na mapema, unaona haya kukataa, watoto wanavalishwa harakaharaka, na siku yao na yako imeharibika.

Wiki nne kabla, mwandikie mratibu mambo matatu: tarehe ambazo hutakuwapo, tarehe utakazokuja, na mwenzako aliyekubali kubadilishana nawe. Kubadilishana zamu ni bora kuliko kuomba ruhusa tupu. Ukimshikia mwenzako zamu mbili mwezi huu, naye akushikie mbili wajukuu wakiwapo, wagonjwa hawakosi mtu wa kuwaamkia.

Siku tatu za mwanzo zisiwe na zamu hata moja. Watoto wametoka safari, wanalala kitanda kigeni, na kelele za mji zinawaamsha. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 za usingizi, na ugenini mara nyingi hazitimii. Anayelia bila sababu siku ya pili si mkorofi, amechoka.

Zamu uliyobakiza ihesabu kuanzia mlango wako hadi urudipo mlangoni. Zamu ya saa 3, yenye dakika 40 za kwenda na 40 za kurudi, ni saa 4 na dakika 20. Ongeza nusu saa ya foleni, unakaribia saa 5. Huo ndio muda wa kumwambia atakayebaki na watoto, maana ukimwambia saa 3 atapanga shughuli zake kwa saa 3. Awe mtu mzima ambaye watoto wamekwisha kumzoea, walau kwa alasiri moja nawe ukiwapo. Na tafadhali, mjukuu wa miaka 11 asifanywe yaya wa mdogo wake. Anaweza kumfunga kamba za viatu, lakini asiachiwe kuamua la kufanya moshi ukitokea jikoni.

SWALI: Mjukuu wangu wa miaka 8 anataka kwenda nami anione nikifanya kazi. Inafaa?

JIBU: Inategemea kazi yenyewe. Wodini, hapana: watoto hubeba mafua ambayo kwao ni kitu kidogo lakini kwa mgonjwa dhaifu ni hatari, na wao pia wanaweza kuambukizwa. Tena mgonjwa ana haki ya kutosikiwa habari zake na mtoto asiyemjua. Hali ni hiyo hiyo kwa anayejitolea kupokea simu za watu wenye shida. Hata ukipokelea nyumbani, mlango ufungwe na watoto wawe na mtu mwingine.

Kupanga vitabu, kufungasha misaada, kupalilia bustani ya umma: hizo zinawezekana, ila uliza kwanza. Umri wa chini unaokubaliwa ni upi? Bima yao inamhusu mtoto akiumia? Wana kanuni gani za ulinzi wa watoto, hasa kuhusu nani aruhusiwe kubaki naye peke yake? Usimchukue mtoto kwa kudhani watakubali mkifika. Akirudishwa mlangoni, aibu anaibeba yeye.

Akikubaliwa, mpe kazi yenye mwisho unaoonekana. Kwenye meza ya vitabu, kwa mfano, mwambie atenge marundo kwa herufi ya kwanza tu ya jina la mwandishi: A huku, B huku. Rundo moja likiisha, ndipo apange ndani yake kwa herufi ya pili. Ukimwambia apange sanduku zima kwa alfabeti tangu mwanzo, atakwama kwenye kitabu cha kumi, kwa sababu kila kinachokuja kinamlazimu kusogeza vyote vilivyotangulia. Badilisha kazi kila baada ya dakika 20 au 30. Sanduku la kubeba lijazwe chini ya nusu. Vitabu vina uzito kuliko vinavyoonekana, na kitako cha sanduku huachia katikati ya njia. Saa moja na nusu inatosha. Mwondoe angali anapenda kuendelea.

SWALI: Nina wajukuu watatu, nami ni babu peke yangu. Naogopa treni na umati. Nifanye nini?

JIBU: Babu, hofu yako ina msingi, na dawa yake ni kanuni mbili ambazo watoto wanazijua kabla ya kutoka nyumbani. Ukibaki jukwaani treni ikaondoka nasi, simama hapo hapo, babu atarudi. Ukiondoka na treni babu akabaki, shuka kituo kinachofuata, simama jukwaani karibu na uliposhukia, babu anakuja. Wakariri kwa sauti, kisha uwaulize mmoja mmoja. Balaa huanza pale kila mmoja anapomtafuta mwenzake: mtoto anarudi, babu anakwenda, wanapishana katikati. Kwenye lifti kanuni ni hizo hizo, ila badala ya kituo ni ghorofa.

Kuingia, watoto watangulie nawe uwe wa mwisho. Kushuka, mshike mkono mdogo kuliko wote, wakubwa washuke mbele yako ukiwaona. Kila asubuhi wapige picha kwa simu kabla ya kutoka. Ukiulizwa mtoto kavaa nini, hofu hufuta kumbukumbu. Namba yako iandike kwa kalamu ya wino kwenye mkono wa kila mmoja, ndani, juu kidogo ya kifundo. Iliyo kwenye begi hupotea na begi.

Kwenye ngazi za umeme wasimame katikati ya kidato, miguu mbali na ukingo, kamba za viatu zimefungwa. Viatu laini vya plastiki ndivyo hunaswa zaidi. Barabarani, mtoto wa chini ya miaka 10 hivi bado hakadirii vizuri kasi ya gari, hata kama kwao huvuka peke yake. Mshike mkono.

SWALI: Nyumba yangu imezoea wazee tu. Niondoe nini kabla hawajafika?

JIBU: Anza na mkoba wako. Dawa nyingi zinazowadhuru watoto hutoka kwenye mikoba na meza za babu na bibi. Kile kisanduku cha vidonge chenye siku za wiki hufunguka kwa vidole vya mtoto bila taabu, na baadhi ya vidonge vya shinikizo la damu au kisukari vinaweza kumdhuru mtoto mdogo hata akimeza kimoja tu. Kabati la juu, lenye kufuli. Kitanda kisogezwe mbali na dirisha. Rimoti na mizani zenye betri ndogo bapa, hakikisha vifuniko vimekazwa kwa skrubu. Betri iliyokwama kooni huweza kuunguza ndani ya saa 2, kwa hiyo ukishuku tu kwamba kaimeza, nenda hospitali papo hapo bila kungoja dalili wala kumtapisha.

Kwa wazazi dai barua iliyosainiwa inayokuruhusu kumpeleka mtoto kutibiwa, pamoja na nakala ya kadi ya bima, mizio aliyonayo, dawa anazotumia na uzito wake wa karibuni kwa kilo. Uzito usiukisie. Dozi nyingi za watoto hupimwa kwa kilo, na mjukuu uliyemwona mwaka jana amekwisha kuongezeka.