Nabana matumizi, mume ananiita bahili: je napata dhambi?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mi ni mama wa watoto wanne, tunaishi Igoma hapa Mwanza. Mume wangu anaendesha bajaji, akitoka asubuhi ananiachia elfu kumi ya matumizi, siku ikiwa mbaya elfu saba. Nabana sana. Maharage naloweka usiku ili mkaa usiishe, dagaa nanunua Mwaloni Kirumba kwa jumla na jirani zangu wawili tunagawana, mafuta yaliyokaangia samaki nayatunza. Kuna binti tumemtoa Ukerewe ananisaidia kazi, yeye nampa ugali na mchuzi, vipande vya samaki ni vya baba na watoto. Kinachobaki natumbukiza kwenye kibubu, saivi kama laki mbili na mume hajui. Juzi kaniambia mbele ya shemeji kuwa mi bahili na bahili haingii peponi, nimelia sana. Je nina dhambi? Na hela ya kibubu ni yangu?

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Dada yangu pole, na kwanza futa machozi, maana mwanamke anayeloweka maharage ili asichome mkaa wa bure huyo sio bahili. Bahili kwenye dini ni yule anayezuia haki ya mtu iliyomlazimu, ana hela na haitoi zaka, ana chakula na watoto wanalala njaa. Allah kwenye Suratul Furqan aya ya 67 amewasifu waja wake kwamba wakitoa hawafanyi israfu wala hawabani kupita kiasi, wanakuwa katikati ya hayo. Na kwenye Suratul Israa aya ya 27 waliotapanya wameitwa ndugu wa mashetani, neno zito sana hilo, na hapo hajasema mwenye hela nyingi tu, hata elfu saba inatapanywa.

Mtume (s.a.w) alikuwa anatawadha kwa kibaba kimoja cha maji, hata lita haifiki, na kuoga janaba kwa pishi, yaani vibaba vinne, mpaka vibaba vitano, iko kwa Bukhari na Muslim. Sisi ziwa lote hili tunaliona hapa tunafungulia bomba mpaka tumalize kuongea. Tena alikuwa anawawekea ahli zake chakula cha mwaka, kwaiyo kuweka akiba sio kukosa tawakkul, yaani kumtegemea Allah. Bibi zetu wa Kisukuma wanaokausha viazi wakapata michembe na matobolwa ya kula kiangazi wamefanya jambo ambalo dini inalikubali kabisa.

Na hilo la dagaa nimelipenda nataka niongezee. Unajua dagaa wetu wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mwezi ukiwa mpevu taa haiwavuti vizuri, mitumbwi mingi inakaa ufukweni na bei inapanda, sasa nyie watatu nunueni kipindi cha giza, muwaanike tena juani mpaka wakauke kweli, muweke mahali pasipo na unyevu, mbalamwezi ikija hamna presha. Alafu tazama hikma, tarehe 13, 14 na 15 za mwezi wetu wa Kiislamu, mwezi unapokuwa mkubwa, ndo zile siku nyeupe ambazo Mtume aliusia tufunge. Ukiweza funga, ila nia iwe ibada, usifunge kwa ajili ya kuokoa ugali.

Sasa dada yangu kuna sehemu moja kwenye swali lako imeniuma na siwezi kuipita. Huyo binti. Mume kakulaumu kwa maharage, mi nakulaumu kwa mchuzi. Anapara samaki, anakaanga, anasikia harufu, alafu anawekewa mchuzi mtupu! Mtume amesema walio chini ya mikono yetu tuwalishe tunachokula sisi, na amesema mtumishi akikuletea chakula na hukumkalisha mle pamoja basi mpe japo tonge moja au mawili ya chakula hicho, kwa sababu yeye ndo aliyehangaika na joto lake. Hapo hujabana matumizi, umebana tumbo la mtoto wa watu, na katoka kwao kisiwani ambako samaki alikuwa anakula kila siku. Ukishindwa kugawa vipande sita, kata vipande vidogo vitoke saba. Na muombe radhi, usione haya kwa sababu ni mdogo.

Kuhusu kibubu. Wengi wanachukua hadithi ya Hind mke wa Abu Sufyan, aliyelalamika mumewe mgumu wa kutoa, Mtume akamwambia achukue kinachomtosha yeye na mwanawe kwa wema. Hadithi ni sahihi ila huyo mumewe alikuwa hatoi ya kutosha, wa kwako anatoa, kwaiyo haikuhusu. Hela aliyokuachia kuendesha nyumba ni amana, iliyobaki ni ya nyumba, sio yako peke yako mpaka aseme. Kama ana kawaida ya kusema "kitakachobaki chako" hapo ni yako.

Mwambie leo leo, akishakula na kupumzika, mkae wawili mlivunje hilo kopo pamoja. Mwambie hizi ni hela zako nimekulindia. Nimeona ndoa nyingi hapa mjini zikiingia kwenye ile mikopo ya kausha damu, riba ambayo Allah ameitangazia vita, kwa sababu tu ada ya shule imefika na ndani hamna hata elfu hamsini. Nyie mnayo laki mbili bila riba ya mtu. Na yeye mume nae akisoma hapa, nafasi ya mtu peponi hakupewa yeye kuigawa, amuombe mkewe msamaha mbele ya huyo huyo shemeji aliyemsikia.

Wallahu a'lam.