Waifai imeshika, ukurasa wa kuingia hauji

Dada, kama waifai ya mkahawa hapo Kisumu imeshika lakini Ubuntu (mfumo endeshi wa laptopu yako) haikuletei ule ukurasa wa kuweka namba ya simu, usihangaike kuzima na kuwasha laptopu. Fungua terminali uandike:

nmcli networking connectivity check

Ikijibu portal, basi mashine imeshaliona lango, yaani ule ukurasa unaokuzuia mpaka uingie, kilichobaki ni kulifungua tu. NetworkManager, programu ya Ubuntu inayosimamia mtandao, hugundua hivi: huomba faili dogo sana kwa HTTP ya kawaida, isiyosimbwa. Jibu likija tofauti na lile inalolijua, au ombi likielekezwa kwingine, inajua kuna kitu kimekaa katikati. Kwa HTTPS, ile iliyosimbwa, njia hiyo imefungwa, kwani lango halina cheti (uthibitisho wa utambulisho) cha tovuti uliyoiomba, na brauza inakupa onyo badala ya ukurasa. Kwa hiyo charaza http://neverssl.com na mara nyingi ukurasa utatokea papo hapo.

Ukigoma bado, tazama DNS, huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba. Ukiwa umeweka DNS ya nje kama 1.1.1.1 kwa mkono, malango mengi hayatakuelewa, maana yanataka uulizie kwao. Irudishe iwe ya otomatiki, zima na VPN (njia ya siri ya kupitishia mtandao) kama unayo, uingie, kisha urejeshe mipangilio yako.

Wanaotumia Debian, mfumo mwingine wa Linux ulio jamaa ya Ubuntu, wasakinishe kwanza pakiti ya network-manager-config-connectivity-debian, ndiyo inayowasha ukaguzi huu.

Na tafadhali sana, ukurasa wowote wa waifai ukikuomba uandike PIN ya M-Pesa, ufunge mara moja. PIN huwekwa kwenye simu yako peke yake.