Vyuo vidogo kununua vitabu pamoja: unganisheni orodha, pesa kila mtu abaki na zake

Mkuu, umeuliza kama vyuo vitatu vinne vya kati hapa Dodoma vinaweza kuchanga bajeti ya vitabu na kumpa mkutubi mmoja awanunulie wote. Mimi ni mkutubi na kikundi cha namna hiyo nimo. Nunueni pamoja, ila msichange pesa.

Chuo cha serikali kinanunua kupitia NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi mtandaoni, na fedha ikihamia akaunti ya chuo kingine, mkaguzi atataka maelezo ambayo wewe wa maktaba huna. Cha binafsi au cha kanisa kinasubiri ada ziingie. Mwaka wa fedha wa serikali unafungwa 30 Juni, ada zije zisije. Mkiwa na mfuko mmoja, aliyechelewa anawakwamisha wote.

Sisi tunaunganisha orodha. Wa binafsi wanaomba proforma (ankara ya awali yenye bei) kwa idadi ya jumla, bei ikishuka kila chuo kinatoa LPO yake (hati ya kuagiza) na kulipa chake. Wa serikali hawawezi kuingia NeST na bei iliyokubaliwa pembeni, ushindani uko palepale, lakini wanaingia na orodha iliyonyooka na wanajua sokoni kukoje. Si haba.

Orodha yenyewe ndiyo itakayokutoa jasho. Mwalimu mmoja anataka toleo la tano, wa chuo cha pili la saba, wa tatu kaandika jina la kitabu alichosomea yeye enzi hizo, mwandishi hamkumbuki. Hapo bila ISBN, namba ya utambulisho ya kila toleo la kitabu, hamuelewani. Na hiyo safu ya ISBN ipangeni kama maandishi kabla ya kujaza, maana Excel inaigeuza 9.78E+12, na faili likihifadhiwa kama CSV namba ndiyo imekwenda. Zile za zamani za tarakimu 10 zinazoanza na sifuri, sifuri inaliwa kimyakimya.

Kwenye proforma dai toleo na ISBN kwa kila kitabu. Bei ikiwa chini ya kushangaza, mara nyingi ni chapa ya India: karatasi nyepesi, nyuma kumeandikwa kiuzwe nchi fulani tu, na wakati mwingine mazoezi hayalingani na ya chapa ya kawaida. Mwalimu anasema fungua ukurasa fulani, nusu ya darasa wako kwingine. Pia sisitizeni muuzaji atenganishe maboksi kwa chuo huko huko Dar. Wa Hombolo, nje ya mji, hana sababu ya kuja mjini kuchambua vitabu vya watu.

Punguzo ni zuri, ila kwa maoni yangu pesa nyingi inaokolewa kwa kutonunua kitu kilekile mara nne. Kitabu cha rejea cha bei mbaya anunue mmoja, wengine wanafunzi wao waende na barua ya utambulisho. Vitabu vya kiada usivibane hivyo, kila chuo kinahitaji nakala zake.

Majarida ya mtandaoni yaacheni nje ya mpango huu. Kuna COTUL, muungano wa maktaba, inayojadiliana bei kwa niaba ya maktaba za vyuo vikuu na taasisi za utafiti, na kuna Research4Life, mpango wa kusoma majarida ya kitaaluma bure au kwa bei nafuu, ambako Tanzania imo kwenye kundi la nchi zisizolipa.

Kwenye kundi lenu wa serikali ni wangapi? Kama ni mmoja tu, anzeni na wa binafsi, yeye aletewe orodha mapema aiingize kwenye mpango wake wa ununuzi wa mwaka.